UZI: Binti "ana pepo", kijana "ana kichwa kigumu": sonona ya watoto wetu hapa Bukavu

Muuguzi_Kadutu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni ndugu zangu, wa hapa mjini na ninyi mlio mbali. Umeme umerudi, acha niandike kabla haujakatika tena.

Mimi ni muuguzi, natumika katika kituo kimoja cha afya huku Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kituo sitakitaja, na watoto nitakaowasimulia nimewachanganya makusudi, mtu asije akamtambua mtoto wa jirani. Kinachonisukuma ni kwamba vijana wenye sonona, ile ambayo hapa wengi tunaita depresioni, wanapita mikononi mwetu kila mara na karibu hakuna anayeletwa kwa jina hilo. Binti analetwa kwa sababu ya tumbo. Mvulana analetwa kwa sababu ya kidonda.

Chukueni binti mmoja wa miaka kumi na minne, kifungua mimba kwao. Mama yake anaeleza: kichwa kinauma, tumbo linauma, hali vizuri, anakonda. Tunapima malaria, hakuna. Homa ya tumbo, hakuna. Mimba, hakuna. Anapewa parasetamoli na vitamini, anaenda, na baada ya muda yuko tena kwenye benchi letu. Safari hiyo nyumbani wameshaanza kunong'ona kwamba amepewa karuho, ile sumu ya siri, na shangazi mmoja ameshamtafutia chumba cha maombi. Nikamwomba mama atupishe kidogo. Nikamwuliza binti usingizi ukoje.

"Ninalala, lakini saa tisa ya usiku macho inafunguka, ninaanza kuwaza."

Kuwaza nini? Neno alilosema rafiki yake darasani. Neno alilojibu yeye. Namna mwalimu alivyomtazama. Anayarudia mazungumzo ya juma lililopita mpaka majogoo, na kila mara hukumu ni ileile: mimi ndiye mbaya. Asubuhi anachukua bidoni, anashuka kuchota maji, anawaogesha wadogo zake, anaenda shuleni. Ndiyo maana mama yake alikuwa ananiapia kwamba mtoto hana shida ya mawazo: "Kazi yote anafanya!"

Kwa mabinti, sentensi hiyo ndiyo inayotupoteza. Utasikia watu wakisema huzuni ya msichana inaonekana upesi kwa kuwa analia na anasema. Huenda kwingine. Kwetu binti anaweza kuugua mwaka mzima na sufuria zikang'aa.

Sasa mvulana, miaka kumi na sita. Amekuja mkono umepasuka, amepiga kioo cha dirisha. Baba yake amesimama mlangoni, hataki hata kuketi. "Mumushone tu nimuchukue. Kichwa yake ni nguvu." Nikiwa nashona nikauliza ameanza lini kuwa hivi. Baba akayapanga makosa: anawajibu wakubwa vibaya, anarudi usiku, ananuka kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, shule wameshamwita mzazi. Halafu, kama kitu kisicho na uzito, akaongeza kwamba hata mpira aliokuwa anaupenda ameuacha. Hapo nikasimamisha sindano. Mtoto wa Kadutu anayeacha mpira na mguu wake ni mzima, huyo nataka nimsikie mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini. Akatazama ukuta. "Haiko tena na maana."

Wote wawili wana ugonjwa mmoja. Tunatafuta huzuni, au kutofurahia tena chochote, karibu siku nzima na karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mengine: usingizi kuvurugika, chakula kukataliwa au kupita kiasi, uchovu, kujilaumu, akili kutotulia kwenye masomo, mawazo ya kifo. Lakini kwa watoto na vijana miongozo ya utambuzi inakubali kitu ambacho hata wenzangu wa koti jeupe wanakisahau: hasira na kukasirika ovyo kila siku kunaweza kushika nafasi ya huzuni. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na sonona kamili na usimwone akilia hata mara moja.

Hesabu sasa, maana humu kuna watu hawaamini mpaka waone namba. Watoto wadogo wa kike na wa kiume wanapatwa karibu sawa. Tofauti inafunguka kwenye umri wa miaka 12 hivi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani, Rachel Salk, Janet Hyde na Lyn Abramson, walichapisha uchambuzi uliokusanya takwimu kutoka nchi zaidi ya 90. Kati ya miaka 13 na 15 uwezekano wa binti kuwa na sonona ulifika karibu mara tatu ya mvulana, kisha pengo likapungua, na kwa watu wazima linabaki karibu mara mbili. Yaani pengo ni pana zaidi pale pale watoto wetu wanapotoka shule ya msingi na kuanza sekondari.

Sababu haiko moja. Wasichana wanabalehe mapema kuliko wavulana, na binti anayetangulia wenzake kwa umbo ana hatari zaidi. Mwili umekuwa wa mwanamke, akili bado inacheza kamba, na wanaume barabarani wameshaanza kumwita. Homoni zimo ndani ya hadithi hii, ila peke yake hazitoshi, la sivyo mabinti wote wangeugua. Marehemu Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha jambo jingine: wanawake na wasichana wakihuzunika huwa wanatafuna mawazo yaleyale bila kufika kwenye suluhisho, na kutafuna huko kunairefusha huzuni. Nikisoma hayo namwona binti yangu wa saa tisa ya usiku.

Kwa wavulana kuna swali kama tunawahesabu sawasawa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichukua watu wazima, wakaongeza kwenye maswali ya kawaida mambo kama milipuko ya hasira, ulevi na kujiingiza kwenye hatari. Pengo kati ya wanaume na wanawake likakaribia kufutika. Walikuwa watu wazima, sisemi ndivyo ilivyo kwa watoto moja kwa moja. Lakini ukimwuliza mvulana "unalia mara ngapi?" utapata sifuri, uandike "mzima", umruhusu arudi kwa kanyanga yake.

La mwisho ni gumu na nitalisema wazi. Wasichana wanajaribu kujiua zaidi kuliko wavulana. Wanaokufa zaidi ni wavulana. Shirika la Afya Duniani linasema kwa takwimu za 2021 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa wenye miaka 15 hadi 29. Kwa hiyo anayesema sonona ni ugonjwa wa wasichana aangalie pia makaburi.

Leteni mnayoyaona kwenu. Nitajibu nikitoka zamu.

PapaWaBagira

Mama muuguzi, nakusalimu, na bila kukuvunjia heshima. Sisi tuliona vita vya 1996, tukaona 1998, tukaona 2004. Tulikimbia na godoro kichwani, tulilala njaa, na wazee walituchapa juu yake. Hakuna aliyekuwa na depresioni. Watoto wa leo wana simu na wana mdomo. Haya magonjwa yamekuja na mashirika.

Muuguzi_Kadutu

Papa, nakuheshimu, na hayo uliyoyaona siyapunguzi. Lakini wa rika lako nawapokea pia. Wanakuja kwa presha, hawalali mpaka wanywe, mlango ukigongwa kwa nguvu wanaruka. Wake zao ndio wanaoniambia hayo, wenyewe wanasema wako sawa. Hatukuwa na jina la kuwapa mwaka 1996, na wengi walizikwa kama walevi.

Halafu simu. Simu inachangia, sikatai, hasa kwa mabinti wanaojipima na picha za watu. Lakini yule mvulana wa kioo hana hata simu.

Mwalimu_Sekondari

Dada, umenigusa. Nafundisha fizikia, darasa lina wanafunzi kupita kiasi, na ninakiri kazi ya kuwatazama mmoja mmoja haiwezekani. Ila kuna mtindo ninaouona. Mvulana akianza kuporomoka, anaporomoka kwa kelele: analala juu ya dawati saa ya kwanza, anatukana, anatoroka. Anapelekwa kwa mkuu wa nidhamu, anapiga magoti kwenye kokoto, anafukuzwa siku kadhaa. Msichana anaporomoka kwa alama. Alikuwa wa tatu darasani, anakuwa wa ishirini, na kwa kuwa hasumbui mtu hakuna anayemwita.

Swali langu kwako: hawa wa kulala asubuhi, je, ni sonona au ni njaa tu na kukesha?

Muuguzi_Kadutu

Mwalimu, anza na njaa, ndiyo. Uliza amekula nini jana. Uliza pia analala wapi na wangapi chumbani. Lakini lipo jambo: tafiti zilizolinganisha vijana wenye sonona zimeona wavulana wakilalamikia zaidi uchovu wa asubuhi na kutofurahia mambo, na wasichana wakilalamikia zaidi kujilaumu, kuchukia mwili wao, na huzuni yenyewe. Kwa hiyo mtu anayelala saa ya kwanza kila siku, na jioni amechangamka kidogo, usimpeleke kwenye kokoto kabla hujamwuliza maswali mawili matatu, mkiwa wawili tu.

Mwalimu_Sekondari

Sawa. Niongeze jambo la minervali, yaani karo ya shule, maana linawapiga kwa namna mbili. Tangu vita viingie mjini Februari 2025 na benki zikafungwa, wazazi wengi hawana kitu. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari mzazi analipa. Pesa ikikosekana, msichana anaambiwa asubiri, amsaidie mama kuuza. Kila mtu anaona ni kawaida, naye anajiona mzigo. Mvulana anaambiwa "wewe ndiye mwanaume". Hapo anabeba aibu ya baba yake juu ya aibu yake mwenyewe. Mmoja wangu aliacha kuja kabisa, nikasikia anabeba mizigo bandarini. Nilipomkuta akaniambia, "Mwalimu, sitaki unione hivi." Ana miaka kumi na saba.

Kijana_Nyawera

Mimi nina miaka 19, naandika kwa mara ya kwanza humu. Ya mwalimu ni kweli tupu.

Nilikuwa hivyo nikiwa darasa la nne sekondari. Siwezi kusema nilikuwa na huzuni. Nilikuwa sisikii kitu. Mama akinisemesha ilikuwa kama mtu anaongea nyuma ya ukuta, halafu ghafla kitu kidogo, mdogo wangu amegusa kitabu changu, nampiga. Baadaye najichukia. Niliwahi kusema "nimechoka" mbele ya wakubwa wa kartie, mtaani kwetu, wakanicheka, wakanipa kanyanga. Ilisaidia usiku ule. Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi.

Aliyenitoa ni mjomba. Hakuniketisha chini aniulize unajisikiaje, ningetoroka. Alikuwa anatengeneza moto (pikipiki) za watu, akaniambia njoo unishikie spana. Tukiwa tumeinamia injini, bila kutazamana, ndipo nilianza kusema. Hata leo sijui nilianzaje. Yeye alijibu tu "mm", akaendelea kufungua bolti. Ni yeye aliyenipeleka kwa mwanasaikolojia baadaye.

Muuguzi_Kadutu

Mdogo wangu, asante. Wazazi wa wavulana, someni hiyo sehemu ya spana tena. Wavulana wengi wanasema wakiwa wanafanya kitu, wakiwa ubavu kwa ubavu, njiani, kwenye moto. Ukimkalisha mbele yako chini ya taa kama askari unapata "hakuna".

Dada_Wa_Nguba

Naomba mtu aseme habari za wasichana bila kutuweka kama wanaowaza sana tu. Tunawaza kwa sababu kuna cha kuwaza. Mimi nilianza kuwa na umbo nikiwa na miaka kumi na moja. Motari, wale wa pikipiki, walikuwa wananipigia honi. Mjomba wa rafiki yangu alikuwa ananishika mkono muda mrefu kuliko salamu. Nyumbani nikasema, nikaulizwa nilikuwa nimevaa nini. Sasa mtu kama huyo asipolala, tatizo ni kutafuna mawazo?

Muuguzi_Kadutu

Dada, umesema vizuri kuliko nilivyosema mimi. Mawazo yanayotafunwa yana chanzo, na kwa mabinti wengi chanzo ni mtu mzima. Ukatili wa kingono ni moja ya sababu zinazojulikana za sonona, na unawakuta wasichana zaidi. Unawakuta wavulana pia, na wao wananyamaza karibu wote.

Kwa anayesoma na limemkuta karibuni: fika hospitali ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo baada ya hapo hazianzishwi. Hospitali ya Panzi, ile aliyoianzisha daktari Mukwege mwaka 1999, inatibu mwili na ina wanasaikolojia. Zikishapita saa hizo bado nenda. Kidonda cha moyo hakina saa 72.

Mama_wa_Chahi

Mama muuguzi, mimi binti yangu ana rafiki mmoja, wanaongea kwenye simu mpaka usiku wa manane, wote wawili na matatizo yao. Nilikuwa naona ni vizuri, angalau anatoa ya moyoni. Je, nimzuie?

Muuguzi_Kadutu

Usimzuie rafiki, mama, huenda ndiye kamba aliyoshika. Ila kuna mtafiti wa Marekani, Amanda Rose, aliyechunguza hasa jambo hilo: marafiki wanaozungukia tatizo lilelile saa nzima. Kwenye utafiti wake wa 2007 kwa wasichana na wavulana mazungumzo hayo yaliongeza ukaribu wa urafiki, lakini kwa wasichana yaliongeza pia dalili za sonona na wasiwasi. Kwa wavulana hayakuongeza. Kwa hiyo kitu cha kufanya ni kuyapa mazungumzo miguu. Waite wote wawili waje wasonge bugali na wewe, wauze kitu, waende kwaya. Na simu ilale sebuleni, hiyo ni sheria ya nyumba, si adhabu.

YayaGoma

Salamu kutoka Goma, Majengo. Mimi nimefanya kazi na vikundi vya mazungumzo kwa vijana wa kambi za waliokimbia vita, kabla kambi hazijavunjwa. Wasichana walikuja, wakakaa, wakafunguka. Wavulana walikuja siku ya sabuni tu. Mashirika yalikuwa yanatuambia tunawaita vibaya. Labda. Mimi nadhani kikundi chenyewe kilikuwa kimeshonwa kwa kipimo cha wasichana.

Muuguzi_Kadutu

Yaya, hilo lina ushahidi karibu yetu. Kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, walijaribu tiba ya kikundi inayoshughulikia mahusiano na misiba ya mtu. Walikuwa vijana 314 wa miaka 14 hadi 17, na matokeo yalitoka 2007. Wasichana walipona kwa kiasi kikubwa ukilinganisha na waliokuwa bado wanasubiri. Kwa wavulana tofauti haikuwa ya kutosha kusema imefanya kazi. Dawa ileile, kambi zilezile. Mimi nikiisoma naona maneno ya kijana wa Nyawera: tuliwaketisha duara watazamane.

Na tatizo la kutowajua wavulana haliko Afrika pekee. Mwaka huohuo wa 2017 niliotaja juu, watafiti wa Cambridge waliwapima vijana ubongo wakiwaonyesha maneno ya furaha na ya huzuni, wakaona wavulana wenye sonona wanaitikia tofauti na wasichana wenye sonona. Inavutia. Lakini wasichana kwenye kundi la wagonjwa walikuwa zaidi ya mara tatu ya wavulana. Hata maabara wanawapata kwa shida.

Lubumbashi_Katuba

Mama, hapa Lubumbashi farmasi wanauza amitriptilini na diazepamu bila kuuliza. Jirani anampa binti yake wa miaka 15 nusu kidonge alale. Anasema ni dawa ya depresioni, imeandikwa. Ni kweli?

Muuguzi_Kadutu

Amitriptilini ni dawa ya sonona kwa watu wazima, ndiyo. Kwa vijana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa za kundi hilo zisitumike. Msaada wake kwao haujaonekana, na zikizidi kidogo tu moyo unaweza kusimama. Diazepamu inalaza, haitibu sonona, na mwili unaizoea. Dawa inayofikiriwa kwa kijana ni fluoksetini, tena ikiwa mazungumzo ya tiba hayakutosha, chini ya daktari anayejua, na kwa kumfuatilia karibu wiki za mwanzo kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla ya nafuu kufika. Marekani waliagiza mwaka 2004 onyo hilo liandikwe ndani ya kisanduku cheusi kwenye maelezo ya dawa.

Mwambie jirani asikatishe ghafla kama amempa muda mrefu, aende kwanza kwa daktari. Kwenu kuna kituo cha Dr Joseph Guislain, Goma kuna Tulizo Letu, hapa Bukavu kuna SOSAME. Vyote vitatu ni vituo vya magonjwa ya akili vya watawa wa Kikatoliki, Frères de la Charité. Na kwenda SOSAME si kuwa chizi, niseme hilo kabla mtu hajalisema.

PapaWaBagira

Nimesoma yote. Kuhusu chumba cha maombi mama muuguzi umekwenda mbio. Mimi ni mzee wa kanisa. Watu wanaombewa wanapona.

Muuguzi_Kadutu

Papa, mimi pia naomba. Nina shida na vitu viwili tu: mtoto kufungishwa siku nyingi bila chakula, na mtoto kuambiwa mbele ya watu kwamba ndani yake kuna kitu kibaya wakati tayari usiku kucha anajiambia hivyohivyo. Binti yule alinieleza kwamba baada ya maombi aliacha kumwambia mama yake chochote. Mzee wa kanisa akisema "tumuombee, na kesho mpelekeni hospitali", huyo ananisaidia kuliko bango letu lote la ukutani.

PapaWaBagira

Hilo la kufunga bila chakula hata mimi silikubali kwa watoto.

Mama_Essence

Samahani kuingia nimechelewa. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Nilikuwa nasoma uzi huu kama wa watu wengine mpaka mlipofika kwenye mpira, wangu aliacha ngoma za kanisani. Hatoki chumbani. Baba yake anasema ni umri. Leo nimemwambia aje kula, akanijibu, "Mama, kama singekuwepo mungepumua." Akacheka. Mimi sikucheka.

Muuguzi_Kadutu

Mama, hilo usilale nalo. Usiku huu muulize wazi, wewe mwenyewe, kwa sauti ya kawaida: "Unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumpi wazo, kama lipo linapata pa kutokea. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga namna. Usimkemee, usimwapishe, usilie kwanza. Dawa zote za nyumbani, za panya pia, ziondoke au zifungiwe. Asilale peke yake. Akisema amepanga, usisubiri asubuhi kama njia inapitika.

Kama ana mtu anayemwamini zaidi yako, mjomba, binamu, mwite.

Kijana_Nyawera

Mama, na usimwambie "utaniua na presha". Mimi niliambiwa. Nikaacha kusema.

Mama_Essence

Nimerudi. Nilimkuta anapanga nguo, nikashika nguo nami nikawa nakunja. Nikauliza. Alinyamaza sana. Akasema amewahi kufikiria, hajapanga. Amesema ni tangu rafiki yake alipohama na tangu alipofeli hesabu, baba akamwita mbele ya wageni. Binamu yake amekuja, wanalala pamoja. Dawa nimempa jirani. Baba yake bado anasema ni umri lakini amenyamaza.

Kesho nikifika kituoni niseme nini? Nikianza kueleza watanipa karatasi ya malaria.

Muuguzi_Kadutu

Waache wapime malaria, haidhuru, ila wewe anza na haya, kwa mpangilio huu: amebadilika tangu lini, halali au analala vipi, ameacha nini alichokipenda, na neno alilokuambia leo jioni, lilivyo, bila kulipunguza makali. Kisha waulize kama kuna muuguzi aliyefundishwa mhGAP, ile programu ya Shirika la Afya Duniani ya kuwafundisha wasio mabingwa kutibu magonjwa ya akili. Kama hayupo, omba karatasi ya kupelekwa SOSAME, wakuandikie siku hiyohiyo. Wakikuambia urudi juma lijalo, usitoke. Omba kuonana na mkuu wa kituo.

Baba akikubali kuja, aje, ila mtoto apewe muda na muuguzi bila ninyi wawili ndani. Fikeni mapema, benchi linajaa kabla ya saa mbili.